Mshindi wa Pili wa Buffalo

Nianze na ukweli, ili mtu asije akanishangaa huko mbele: yule mama simpendi. Nimejaribu. Nimemwombea, nimefunga siku tatu kwa ajili yake, mchungaji akaniwekea mkono kichwani, na nilipotoka nje ya kanisa nikajikuta bado simpendi. Jina lake nalijua vizuri, lakini silitaji. Mimi na binti yangu Riziki tulimwita Mwalimu, na hata nikiwa na hasira za kutosha kuchemsha maharage, mdomo wangu ukimtaja unasema Mwalimu. Ndivyo tulivyolelewa, tufanyeje.

Mambo ya kuzaliwa kwake na ukoo wake msiniulize. Nilimkuta tayari mzee, mwembamba, mgongo umenyooka kuliko wa askari, kwenye uwanja wa barafu huko Louisville ambako nilipata kazi mwaka wangu wa pili Amerika. Kwa asiyeujua, uwanja wa barafu ni jengo kubwa kama ghala, sakafu yote imegandishwa, na watu huteleza juu yake na viatu vyenye chuma chembamba chini. Nilianza kwa kuosha vyoo. Aliyekuwa akiendesha mashine ya barafu alipoacha kazi, bosi akaniuliza kama naweza kujaribu. Nikasema naweza, maana mkimbizi akiulizwa kama anaweza, anaweza. Mashine yenyewe ni kubwa kama lori dogo. Inakwangua barafu iliyochakaa, inamwaga maji ya moto nyuma, maji yanaganda na barafu inakuwa mpya. Mimi, niliyekulia milima ya Kivu ya Kusini nikisukasuka maziwa kwenye kibuyu, nikawa dereva wa barafu. Kanisani walinicheka mpaka wakatokwa machozi.

Mwalimu alikuwa wa kwanza kuingia kila siku, saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya watoto na muziki wao. Siku ya kwanza nilipomaliza kupitisha mashine, nilisimama pembeni nikijisifu moyoni, maana barafu ilikuwa inang'aa. Akaingia, akapiga magoti. Nikadhani anasali. Kumbe anapitisha kiganja juu ya barafu yangu, polepole, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka.

"Wewe wa mashine," akaniita. "Njoo."

Nikaenda.

"Hapa pana tuta."

"Silioni, Mwalimu."

"Sikusema ulione. Nimesema lipo. Rudia kona hii."

Nikarudia. Akapiga magoti tena, akasema maji yalikuwa mengi mno. Nikarudia mara ya tatu, na bosi akanikaripia kwa kupoteza gesi. Hakuna aliyeniomba radhi. Miaka mitano niliyofanya kazi pale, hakuwahi kuniita kwa jina. Nilikuwa "wewe wa mashine," basi. Siku moja aliniuliza kama Afrika tuna barafu. Nikamweleza kwamba kwetu milimani kiangazi asubuhi majani huwa meupe kwa baridi, na mvua ya mawe huangusha ndama. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hiyo si barafu," akaenda zake. Mtu wa namna gani huyo?

Sasa niwaeleze alichokuwa akikitafuta pale chini, maana bila hicho hamtamwelewa. Zamani za ujana wake, mashindano ya kuteleza hayakuwa haya ya kuruka na kujizungusha tunayoyaona kwenye televisheni. Kazi kubwa ilikuwa kuchora. Mtu anasimama kwenye barafu safi, anajisukuma mara moja tu, na kwa mguu mmoja anachora duara mpaka anarudi alipoanzia. Anabadili mguu, anachora duara la pili upande wa pili, inakuwa namba nane. Halafu anapita juu ya mstari uleule mara ya pili, na mara ya tatu. Akiisha kuondoka, waamuzi wanashuka kwenye barafu na makoti yao mazito, wanainama, wanatazama kama mistari mitatu imelala pamoja au imeachana. Hakuna makofi wala nguo za kumetameta. Sifa zote ziko chini, kwenye alama ambayo mashine yangu ingeifuta kwa dakika moja.

Kwa michoro hiyo Mwalimu alikuwa hatari, hilo silikatai. Alikuwa mmoja wa wasichana wa mwanzo mjini kwao Columbus kushindana kwenye mchezo huo, akajifunza kwenye bwawa lililoganda, amevaa sketi ya sufu na soksi za kaka yake. Anasema walimfukuza bwawani mara mbili kwa kuwa wavulana walitaka kucheza mpira wa fimbo, naye akarudi mara mbili na ufagio kufagia theluji ya eneo lake. Ufagio ule, au mwenzake, alikuwa bado anao. Alikuja nao Louisville kila asubuhi, pamoja na bikari ya chuma ndefu kuliko mimi, aliyoitumia kupima maduara. Bikari hiyo aliibeba mwenyewe. Nilipojitolea kumsaidia kuibeba, kwa heshima tu ya mzee, aliivuta kana kwamba nataka kuiba.

Na Buffalo. Eh, Buffalo! Kama ungekaa naye kwenye benchi ukinywa chai, ungeisikia Buffalo kabla chai haijapoa. Huko ndiko kulifanyika mashindano makubwa ya maisha yake. Siku ya kwanza, ya michoro, aliongoza kwa mbali sana. Anasema mwamuzi mmoja alipiga magoti kutazama namba nane yake, akakaa pale, na alipoinuka akavua kofia. Siku ya pili ikawa ya kuteleza kwa muziki, kila mtu na wimbo wake kwenye santuri. Akashuka, akaanza, na katikati akasimama. Akashindwa. Akawa wa pili, na kwa kuwa mwaka ule walipeleka ng'ambo mtu mmoja tu, alibaki nyumbani.

Kwa nini alisimama? Hapo ndipo utajua mtu. Mara ya kwanza aliniambia sindano ya santuri iliruka. Mara ya pili, kamba ya kiatu ilikatika. Mara ya tatu, baba wa msichana aliyeshinda alikuwa rafiki wa mwamuzi, habari ya kusimama haikutajwa kabisa. Mimi husikiliza, na kichwa changu huweka. Nikamwuliza, "Mwalimu, si ulisema sindano?" Akanitazama kwa yale macho yake ya rangi ya maji. "Unafanya kazi ya mashine au ya polisi?" Mwanamke ambaye angekuamsha kaburini kwa sababu mstari wako umeachana na mwenzake kwa unene wa kucha, hadithi yake mwenyewe alikuwa anaipitisha mara tatu na kila mara ikaenda njia yake.

Kingine alichokichukia ni maonyesho ya barafu, yale ya kuzunguka mji kwa mji, watu wamevaa manyoya. "Vichekesho," alikuwa akisema. "Mtu mwenye heshima hawezi kufanya vile." Miaka baadaye, nikiwa mgeni sebuleni kwake, niliona picha ndogo nyuma ya taa: wasichana kumi na mbili wamepanga mstari kwenye barafu, wamevaa kama kuku. Kuku kabisa, na mdomo wa njano na mkia. Wa tatu kutoka kushoto ndiye yeye. Nilicheka mpaka nikamwaga chai kwenye sahani. Akaja, akaigeuza picha ukutani, akasema, "Nilikuwa nahitaji kula." Namshukuru Mungu kwa picha ile, maana imenisaidia siku nyingi mbaya.

Baadaye wakubwa wa mchezo waliifuta michoro kwenye mashindano. Walisema inachosha watazamaji. Wanafunzi wake wakamwacha mmoja mmoja, wakaenda kwa walimu wa kuruka. Yeye hakubadilika hata kidogo. Aliendelea kufika saa kumi na mbili na ufagio wake na bikari yake, akichora namba nane ambazo hakuna mwamuzi angezitazama. Watu wazuri wangeona huruma hapo, na mimi niliwahi kuona huruma, sitaki kudanganya. Ilinipotea baadaye.

Ilinipotea kwa sababu ya mtoto wangu.

Riziki alikuwa na miaka tisa. Wakati wa likizo nilikuja naye kazini, nikimficha kwenye chumba cha mashine na blanketi na biskuti, maana mimi ni mjane na sikuwa na wa kumwachia. Siku moja nikatoka na mashine, namwona yuko katikati ya barafu, amevaa viatu vya kukodisha, Mwalimu kamshika kiuno. Sikuombwa ruhusa. Mwezi mmoja baadaye nilikuta mfuko wa karatasi juu ya kiti cha mashine, ndani viatu vyeupe vipya, saizi ya mtoto, bila barua. Nilipokwenda kumshukuru kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, alisema, "Vile vya kukodisha vinaharibu kifundo," akanipa mgongo. Hata wema wake ulikuwa unakuacha na hasira.

Alimfundisha bure, kila asubuhi ya likizo na kila Jumamosi, kwa miaka minne. Michoro tu. Watoto wengine wanaruka, wanaanguka, wanacheka. Wangu anazunguka kwenye kona na mguu mmoja, ulimi nje, na bibi kizee amepiga magoti kando yake. Sijawahi kumsikia akisema "vizuri." Akiridhika, alinyamaza. Riziki akajifunza kula ukimya ule kama mkate. Alikuja mbio kwenye mashine yangu, "Mama, she didn't say anything!" na uso wake ulikuwa unawaka kwa furaha. Mimi nilimpongeza mpaka sauti ikakauka, lakini pongezi zangu hazikuwa na bei ile.

Halafu uwanja ukafungwa, jengo likageuzwa kuwa ghala. Mimi nikapata kazi kwenye ghala jingine, zamu ya usiku. Mwalimu akaamua kurudi Columbus, kwenye nyumba yake ya zamani mtaa wa Clintonville, karibu na uwanja uliokubali kumpa barafu ya alfajiri. Kabla ya kuondoka akaja Newburg, kwenye apartimenti yetu, mara ya kwanza na ya mwisho. Alikataa soda, alikataa kukaa. Akasimama mlangoni na koti lake.

"Unafanya kazi usiku. Analala peke yake. Nipe mtoto."

Hivyo tu, kama anayeomba chumvi.

Na mimi nikampa.

Hapa mtaniambia nilikuwa mjinga, na jirani yangu Mama Esteri aliniambia siku ileile. "Donc umetoa mutoto bule tu, kwa muzungu?" Nikamjibu, "Bon, sikumutoa bule, nimemupa mwalimu." Kwetu kumpa mtu mtoto amlee si jambo la kushangaza. Mimi mwenyewe nililelewa na shangazi, dada mkubwa wa baba. Lakini kitu hicho kina sheria zake. Ukishatoa mtoto, huulizi. Huulizi anakula nini, analala wapi, anapigwa au hapigwi, maana kuuliza ni kumwambia mlezi kwamba humwamini, na hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Unasubiri. Mlezi ndiye anayemleta mtoto kwa wazazi, siku moja, amemvisha, amempaka mafuta, na zawadi mkononi: tazameni, huyu hapa. Siku hiyo ndipo mzazi anashangilia na kumkagua mtoto hadi meno. Mama yangu hakukanyaga kwa shangazi kuulizia habari zangu, na kijiji kizima kilimsifu kwa adabu.

Basi nikasaini karatasi za ulezi, shule ilizitaka. Nikamfungia Riziki mizigo. Nikamwambia Mwalimu, kwa Kiingereza changu, "Sasa ni mtoto wako." Nikaanza kusubiri aletwe.

Nilisubiri miaka minne.

Riziki alipiga simu, hasa mwanzoni. "Mama, can I tell you something?" Nikamkatiza haraka. "Uko muzima? Umeshika Neno la Mungu? Utii mwalimu. Mambo ya nyumba ya watu usiniambie." Nilikuwa nafanya kile ambacho mama mwema anafanya. Mtoto anayelelewa nje akilalamika, mzazi hasikilizi, ili moyo wake utulie kule. Baada ya muda simu zikawa fupi, halafu za sikukuu tu. Nikajisifu kwamba ametulia.

Mara mbili nilikwenda Clintonville. Nilivaa kitenge changu cha kanisani, nikabeba samaki wa kukaanga na fufu, nikakaa sebuleni kwenye ukingo wa kiti kama mgeni mwenye akili. Sikuomba kuona chumba anacholala mtoto. Sikuuliza kwa nini samaki wangu walipelekwa gereji kwa sababu ya harufu. Mara ya pili Riziki alishuka ngazi, na nywele zake hazipo. Zile rasta nilizomsuka kwa siku mbili, na wanawake wa kanisani wakanisaidia, zimekatwa zote, kichwa kimebaki kifupi kama cha mwanajeshi.

"Zilikuwa zinamwingia machoni akichora mduara kinyumenyume," Mwalimu akasema, kana kwamba anazungumzia nyasi.

Nikatazama mtoto, mtoto akanitazama mimi, akisubiri. Nikasema, "Asante kwa kumtunza." Nikanywa chai yangu. Nililia kwenye gari kutoka Columbus mpaka daraja la kuingia Kentucky, lakini pale ndani nilikuwa na adabu.

Ninavyosikia sasa, maisha ya mle ndani yalikuwa hivi. Kuamka saa kumi na moja. Mayai mawili, chai bila sukari. Barafu. Shule. Barafu. Jumapili hakuna kanisa, maana asubuhi hiyo uwanja huwa mtupu na barafu ni nzuri. Mtoto akikosea mstari, anaufuta kwa ufagio na kuanza upya. Akilia, Mwalimu anaendelea kuchora zake mpaka kilio kiishe. Lakini pia, nitalisema ingawa linaniuma, mtoto alipopata homa ya mapafu yule kizee alikaa kwenye kiti cha hospitali siku nne, hakutaka kuondoka, akawagombeza wauguzi kwa kukunja shuka vibaya. Mimi sikupigiwa simu. Nilijua miezi sita baadaye, Riziki aliporopoka tu kwenye simu.

Mwaka huu Riziki kafikisha miaka kumi na saba, na subira yangu ikakatika. Alinitumia ujumbe kwamba kuna mashindano madogo ya michoro, ya watu wachache wanaoupenda bado mchezo ule wa zamani, na yatafanyika Buffalo. Nikasema basi, nimesubiri kuletewa mtoto, siletewi. Nitakwenda kumchukua mwenyewe, adabu au bila adabu. Nikaomba ruhusa kazini. Nikatandika kitanda chake kule Newburg, nikaweka shuka mpya za maua. Nikaendesha gari siku nzima, nikalala kwa dada mmoja wa kanisa letu huko Buffalo, na asubuhi nikaingia uwanjani na viatu vya kanisani.

Watu hawakufika hamsini, wengi wao wazee na thermos zao. Hakukuwa na muziki. Riziki alishuka amevaa nguo nyeusi, mrefu, shingo ya baba yake. Akasimama. Akajisukuma mara moja. Mimi nimeendesha mashine ya barafu, naijua barafu, lakini sikuwahi kumtazama mtu akichora kwa namna ile. Hakukuwa na sauti isipokuwa ile ya chuma kukata, nyembamba, haikatiki. Mara tatu mguu wa kulia, mara tatu wa kushoto. Akatoka. Waamuzi wakashuka, wakainama, wakakaa chini muda mrefu. Mmoja akamwita mwenzake aje aone. Mtoto wangu akawa wa kwanza.

Mwalimu alikuwa amesimama kwenye korido, nyuma ya kioo, ameegemea fimbo. Amekuwa mdogo sasa, karibu anafika miaka tisini, koti linamvaa yeye. Hakupiga makofi. Nilipofika karibu, hakugeuka.

"Umekuja kumchukua," akasema.

"Ndiyo."

"Miaka minne." Akanigeukia. "Miaka minne, na hukuuliza hata mara moja amekula nini. Nilikata nywele zake mbele ya macho yako, ukasema asante. Nilisema, leo atanipigia kelele. Ukanywa chai."

"Kwetu hatuulizi! Mimi nilikuheshimu! Ulitakiwa umlete! Ulitakiwa umlete nyumbani nimwone!"

"Nani aliniambia?"

Hakuna aliyemwambia. Niliona ni jambo ambalo kila mtu analijua.

"Nilidhani umemtupa," akasema. "Nikamwambia hivyo."

"Ulimwambia mtoto wangu kwamba mimi nimemtupa?"

"Alikuwa anauliza. Mimi sidanganyi watoto."

Mungu anisamehe, mkono wangu uliinuka. Mimi, mama wa kanisa, nilikuwa tayari kumpiga kofi mwanamke wa umri wa bibi yangu, kwenye korido, mbele ya watu na thermos zao. Kilichonizuia ni Riziki. Alikuja anatembea juu ya mkeka wa mpira na viatu vyake vya chuma, medali mkononi, akasimama katikati yetu. Mkono wangu nikaushusha.

"Riziki," nikamwambia, "mimi sikukutupa."

"I know, Mama."

"Nimekuja tuende nyumbani. Kitanda nimetandika. Leo, sasa hivi, tunaondoka pamoja."

Akamtazama yule kizee, kisha akanitazama mimi. Na mtoto huyu ambaye tangu afike Amerika nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, akanijibu kwa lugha ya nyumbani, polepole, maneno yamepata kutu.

"Mama, nitarudia. Lakini haiko leo. Huyu mama hana mutu. Ni yeye alinikomalisha, njo vile. Nitabakia na yeye mpaka atakufa. Kiisha nitarudia kwako."

Kukomalisha kwetu ni kulea mtoto mpaka akue. Na ndivyo nilivyofanya mimi. Mama yangu alikuja kunichukua kwa shangazi nilipokuwa msichana mkubwa, akatembea siku mbili, na shangazi alikuwa mgonjwa, na mimi nikamwambia mama yangu atangulie. Akatangulia. Nilimwuguza shangazi miaka mitatu, watu wakanisifu, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza mama yangu alirudi nyumbani na nini moyoni. Hilo nililijua siku ile Buffalo, nimesimama kwenye mkeka wa mpira.

"Anasema nini?" Mwalimu akauliza. Alikuwa amekaza macho kwa Riziki, na kwa mara ya kwanza niliona anaogopa. "Wewe. Anasema nini? Anaondoka?"

Ningeweza kumwacha hivyo. Ningeweza kumdanganya, ndiyo, anaondoka, aonje yeye usiku mmoja tu wa miaka yangu minne. Nilitaka, sitaficha. Lakini mtoto alikuwa ananitazama.

"Anasema atakaa na wewe mpaka ufe," nikamwambia. Nilimtupia neno kwa neno, bila kulipaka sukari, nikitaka lile la mwisho limchome.

Halikumchoma. Akashika ukuta kwa mkono mmoja. Macho yale ya rangi ya maji yakajaa, akayaacha yajae, hakufuta.

"Sema tena," akaniambia.

Nikamnyima. Nikamgeukia mtoto wangu, nikamuuliza leo amekula nini.